Kijumba, Banda au Dago: Uhakiki wa Jina la Nyumba ya Mapumziko ya Kujipikia

Kuna aina ya nyumba ambayo Kiswahili kimekuwa kikiizungukazunguka bila ya kuipa jina. Ni nyumba kubwa iliyo nje ya mji, yenye vyumba vya kulala vitano, sita au zaidi, ambayo hupangishwa nzima, kwa wiki moja au kwa siku chache, kwa jamaa wanaokwenda kupumzika pamoja. Mwenye nyumba hutoa vitanda, meko, sufuria, sahani na visu. Hatoi chakula wala mpishi. Wageni huja na unga wao na mafuta yao, hupika, hula, huosha vyombo, na siku ya mwisho hufagia na kurudisha ufunguo. Huko Uingereza nyumba za namna hii ni nyingi katika milima ya Lake District, katika vijiji vya Cotswolds na katika mwambao wa Cornwall, na desturi ya miaka mingi imekuwa kuzipanga tangu Jumamosi hadi Jumamosi. Waingereza huiita “self-catering cottage”. Maneno hayo yakimfikia mfasiri wetu ndipo taabu inapoanza.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tujisumbue na starehe za Waingereza. Jibu la kwanza ni kwamba jina la malazi ni ahadi. Mtu akilipa fedha kwa ajili ya nyumba iliyoitwa kwa jina fulani, hulipa kwa ajili ya yale aliyoyafahamu katika jina hilo. Akifika saa mbili ya usiku na watoto wenye njaa akakuta meko baridi, hatafarijika kwa kuambiwa kuwa Kiingereza kilikuwa wazi. Jibu la pili ni zito zaidi. Tukiyatazama maneno ya utalii tuliyokwisha kuyasanifu na kuyazoea, tutaona kwamba karibu yote yametungwa kwa kusimama upande mmoja wa meza: mhudumu, mpagazi, mpishi, mtembezaji wageni, mlinzi wa hifadhi. Msemaji wa Kiswahili amepewa maneno ya kumhudumia mgeni, lakini si ya kuwa mgeni mwenyewe. Kumbe jamaa yenye watoto wanne na bibi yao, ikitaka kutoka Dar es Salaam au Nairobi ikapumzike, haitakwenda katika hoteli inayotoza kwa kila mtu na kwa kila mlo. Itatafuta nyumba nzima ijipikie. Kitu hasa ambacho raia wa kawaida aweza kukimudu ndicho ambacho lugha yake haijakipa jina.

Tuanze na neno la pili la Waingereza, maana ndilo lililopotosha wengi. Mwenye kufungua kamusi atatafuta “cottage” naye atavutwa kwenye maneno kama kijumba, kibanda au nyumba ndogo. Kwa asili hakosei. Neno hilo la Kiingereza lilianza katika umaskini. Katika daftari kuu la kodi la mwaka 1086, lililoandikwa kwa amri ya Mfalme William, wametajwa wakazi wa vijumba hivyo, na walikuwa miongoni mwa watu wa chini kabisa kijijini. Mwaka 1589, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilitungwa sheria iliyokataza kujenga kotaji mpya isiyokuwa na ekari 4 za ardhi, isipokuwa katika mahali na hali maalumu. Na zaidi ya hayo, sheria hiyohiyo ilikataza kaya zaidi ya moja kukaa katika kotaji moja. Ilifutwa mwaka 1775. Basi kile ambacho matangazo ya leo yanakisifu, yaani kotaji ya kukusanya kaya tatu au nne chini ya paa moja, zamani kilikuwa kosa la kupelekwa mahakamani.

Lakini neno halikukaa pale lilipozaliwa. Mwishoni mwa karne ya 18 matajiri wa Uingereza walianza kupenda sura ya nyumba ya mkulima bila ya kupenda maisha yake, wakajijengea kotaji za fahari zenye mapaa ya nyasi na vyumba vingi. Huko Marekani mambo yalipita kiasi. Jamaa ya Vanderbilt walijenga nyumba yao ya kiangazi katika mji wa Newport, wakaimaliza mwaka 1895. Ina vyumba 70, nao na majirani zao waliziita nyumba za jinsi hiyo kotaji. Kwa hiyo udogo uliomo ndani ya neno la Kiingereza ulikwisha kufa zamani. Mwingereza akisema “kotaji kubwa” hapingani na nafsi yake. Asikiacho ni mashamba, mawe ya kale, bustani na utulivu. Kipimo cha nyumba hakimo tena.

Kiswahili hakiko hivyo. Kiambishi ki- cha udogo kiko hai, na kila anayesikia kijumba huona nyumba iliyonywea. “Kijumba kikubwa chenye vyumba saba” ni maneno ya kuchekesha watu barazani. Najua kuna atakayenikumbusha kijiji. Kweli, kijiji ni mji uliopunguzwa, na bado twasema kijiji kikubwa bila ya mtu kucheka. Lakini kijiji kimeishi peke yake kwa muda mrefu hata kimesahau mamaye; kina maana yake, serikali yake na mwenyekiti wake. Kijumba hakijapata bahati hiyo. Kila kinaposimama, nyumba iko kando yake ikikipima. Wala dawa si kukimbilia upande wa pili tukasema jumba, maana jumba limekwisha kuchukuliwa na makumbusho na sinema, na anayealikwa kwenye jumba hutazamia nguzo na bei ya kutisha.

Kuhusu “nyumba ndogo” sitasema mengi. Yatosha kuwakumbusha wafasiri waishio mbali na Tanzania kwamba maneno hayo mawili hayana tena maana ya ujenzi. Nyumba ndogo ni yule mwanamke wa pembeni ambaye mke wa ndoa hamjui, au anamjua na hataki kumtaja. Tangazo linalomwalika baba alete jamaa yake yote katika “nyumba ndogo iliyoko mashambani” litavunja ndoa kabla ya kupata mpangaji. Hili si suala la adabu tu. Ni kanuni ya kazi yetu kwamba istilahi huchunguzwa mitaani kabla ya kuchunguzwa kamusini.

Banda lina hoja nzito zaidi, kwa sababu limekwisha kutumika. Katika hifadhi za wanyama za Kenya na Tanzania, mabanda ni malazi ya wageni wajipikiao, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kimelichukua neno letu kama lilivyo, kikalitia katika vitabu vyake vya kuongozea wasafiri. Mzungu asemapo banda, yeye huona nyumba safi ya mviringo au ya mraba, yenye paa la makuti au nyasi, vitanda na jiko. Tatizo ni kwamba neno limesafiri likabadilika, na sisi tuliobaki nyumbani hatukubadilika nalo. Kwetu banda ni la kuku, la ng'ombe, la mbao, la maonyesho ya Saba Saba. Mtu gani atamwendea mama mkwe wake amwambie kuwa wiki ijayo watakwenda kumlaza bandani? Haishangazi kwamba Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, lililo na malazi ya namna zote mbili, nyumba yake kubwa iliyo katika hifadhi ya Ziwa Nakuru haikuiita banda. Imeitwa kwa jina lake, Naishi, na neno la nyumba likafuata. Waliopanga majina hayo walifahamu kwamba banda haliwezi kubeba vyumba vingi.

Hapa kuna kichekesho kinachostahili kutajwa. Nyumba nyingi kubwa za mapumziko za Uingereza zilikuwa mabanda kwelikweli: maghala ya nafaka, mazizi na mabohari ya wakulima, yaliyogeuzwa kuwa nyumba baada ya kilimo kuhamia katika mashine kubwa na majengo ya bati. Matangazo yao hayaoni haya kusema hivyo. Hujisifia mihimili ya zamani na mahali walipofungwa farasi. Mwingereza hulipa zaidi akiambiwa kwamba palikuwa zizi. Mswahili ataomba apunguziwe. Mfasiri asiyeijua tofauti hii atatafsiri sifa ikawa tusi, hata kama kila neno lake ni sahihi.

Maneno ya mijini nayo yana mitego yake. Hoteli, kwa watu wetu wengi, ni mahali pa kula. Mtu hupita hotelini akanywa chai na maandazi akaenda zake, asilale. Basi nyumba tunayoitafutia jina ni kinyume cha hoteli hiyo kabisa: hulala humo, wala hupewi hata maandazi. Gesti, kwa ufasaha nyumba ya kulala wageni, ni ya msafiri wa usiku mmoja, na sifa yake katika miji mingi si ya kupeleka watoto. Wapo wanaoona njia ya mkato ya kubakiza nusu ya Kiingereza wakasema “selfu”. Hao wamechelewa. Chumba cha selfu katika Dar es Salaam ni chumba chenye choo na bafu ndani, wala mapishi hayahusiki. Na nyumba ya kujitegemea, ambayo ingetufaa kwa sauti yake, imeshikwa na madalali wakimaanisha nyumba iliyo peke yake katika uwanja wake, isiyochangia ukuta wala geti na majirani. Tangu Azimio la Arusha mwaka 1967 neno kujitegemea lilibeba mzigo mkubwa. Sasa limepumzishwa kwenye geti, na si vyema kulitwika sufuria.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, yaani kupika. Wengi hutafsiri sehemu hii kwa kujihudumia. Ni tafsiri mbovu. Kujihudumia ni kuchukua sahani ukapakua chakula kilichopikwa na mwingine, au kuchukua bidhaa dukani bila ya kusubiri mwuzaji. Mgeni anayeambiwa kuwa atajihudumia atafika na kijiko. Kiswahili kina neno moja linalosema jambo hili bila ya tamaa wala upungufu: kujipikia. Ndani yake mna mtenda ambaye ndiye mtendewa, na kauli ya kutendea inayoonyesha kwamba upishi huo ni kwa faida yake. Kiingereza kimehitaji maneno mawili na alama ya kuyaunga, na bado hakikutaja jiko.

Hata hivyo tujihadhari na mahali tunapolitia. Katika Kiswahili, nyumba ya fulani ikifuatwa na kitenzi kisoukomo hueleza kazi ya nyumba: nyumba ya kulala, chumba cha kusomea, mahali pa kuogea. Nyumba ya kupikia ni jiko, na nyumba ya kujipikia haiko mbali nalo. Msikilizaji wa haraka ataona kibanda cha nyuma ya nyumba chenye mafiga matatu. Kwa sababu hiyo napendelea kitenzi kiachwe huru katika sentensi yake: “nyumba ya mapumziko, wageni hujipikia.” Ni maneno manne na nusu, lakini hakuna mahakama itakayobishana nayo. Nasema mapumziko, wala si likizo, kwa kuwa likizo hutolewa. Kitenzi chake, likiza, ndicho pia cha kumwachisha mtoto ziwa. Mwajiri humwachisha mtumishi kazi kwa siku kadhaa. Kwa Mwingereza hili lina historia, maana Sheria ya Likizo yenye Malipo ya mwaka 1938 ndiyo iliyowafungulia wafanyakazi wengi njia ya kufikiria wiki moja nje ya mji. Lakini mkulima, mvuvi na mchuuzi hawapewi likizo na mtu. Hupumzika.

Kabla ya kuendelea niwatetee wale wanaoandika kwamba “nyumba hii inalala watu kumi na wawili.” Wahariri wengine huifuta sentensi hiyo kwa wino mwekundu wakidai kuwa ni Kiingereza kilichovaa kanzu, kwa vile Waingereza nao husema vivyo hivyo katika matangazo yao. Wamekosea. Huu ni Kiswahili cha asili. Twasema nyumba imeingia siafu, barabara hii haipiti magari, chumba kile kinalala watoto. Mahali hupewa kiti cha mtenda, na mtenda halisi hukaa nyuma. Ndiyo sarufi ileile iliyozaa nyumba ya kulala wageni, ambamo wageni ndio walalao. Lugha mbili zimekutana njiani, hakuna aliyemwiga mwenzake, na mwenye kalamu nyekundu aiweke chini.

Limebaki suala la mahali. Mashambani, vijijini, shamba, nyika: kila neno lina jamaa zake. Nyika ni pori, nalo halina nyumba za kupanga. Vijijini pamebeba siasa na takwimu za maendeleo. Wataalamu huenda vijijini, wala hawaendi kupumzika. Mashambani, kwa mtu wa bara, ni jembe na jasho. Mwambie mtoto wa mkulima kuwa zawadi yake ya kufaulu mtihani ni wiki moja mashambani uone uso wake. Lakini Unguja mambo ni mengine. Huko shamba ni kila kisicho Mjini, na kwenda shamba si lazima iwe kulima. Kwa watu wa Mjini shamba ni pahali pa kivuli, maji ya madafu na kupunga upepo, na desturi hii ni kongwe. Masultani na wakubwa wa Zanzibar walikuwa na nyumba nje ya mji: Sayyid Said aliishi Mtoni, Sayyid Barghash alijenga Maruhubi, iliyomalizika mwaka 1882 ikaungua mwaka 1899. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza maisha ya Mtoni na ya mashamba ya jamaa yake.

Je, basi tuseme nyumba ya shamba na tuyamalize? Ningesema hivyo, lau si sufuria. Nyumba za shamba za wakubwa hao zilipikwa na watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Walioondoka Mjini kwenda kupumzika hawakugusa kuni. Jina litakalotoka katika nyumba hizo litakuwa zuri kwa mandhari na la uongo kwa kazi. Afadhali tukumbuke desturi nyingine, ya watu wa Kilimanjaro, ambao kila mwezi wa Desemba hutoka mijini kwa mabasi na magari wakarudi katika vihamba vyao. Nyumba ya wazazi hujaa watoto, wajukuu na wakwe. Hulala kwa kubanana na hupika katika masufuria makubwa. Hiyo ndiyo nyumba tunayoizungumza, kila kitu kimo isipokuwa kodi. Wenyewe hawaiiti kwa istilahi yoyote. Huiita nyumbani, na neno hilo halipangishwi.

Nakuja kwenye neno ninaloliunga mkono. Wavuvi wa mwambao wetu, kutoka Pemba na Unguja hata Mafia na Kilwa, na vilevile wa kusini mwa Kenya, wana desturi ya kuhama kwa muda wakafuata samaki. Huchukua vyombo vyao, mchele au unga wao, hujenga au huchukua makazi ya muda katika kisiwa au ufuo ulio mbali na kwao, hukaa wiki kadhaa au msimu, kisha hurudi. Makazi hayo huitwa dago, na kufanya hivyo ni kwenda dago. Neno hili lina karibu kila kitu tunachokitafuta. Watu hutoka kwao kwa hiari yao. Ni wengi pamoja. Hukaa kwa muda uliopimwa. Hujipikia, mpishi wao, akiwapo, ni mmoja wao. Na kwa sarufi liko katika ngeli ya li-ya, dago na madago, ambayo haidogoshi kitu. Dago kubwa halimchekeshi mtu, wala dago la vyumba vinane.

Lina hata adabu zake. Nduguye ni ago, la maana hiyohiyo, ambalo limehifadhiwa katika methali ya wahenga: Ago halinyelewi, huenda ukauya papo. Lugha yake ni kavu kidogo kwa waraka wa serikali, lakini hakuna sharti lolote la kupangisha nyumba ya kujipikia lililosema vyema zaidi kwa nini mpangaji apaache pakiwa safi.

Pingamizi zipo, nami nitazitaja mbili. Ya kwanza ni kwamba dago linanuka samaki. Ni mahali pa wanaume, pa makuti na moshi. Vipi tulipeleke kwenye nyumba ya mawe yenye bustani? Jibu ni kwamba baraza na wataalamu wetu hawakuona aibu kulichukua neno kitivo kutoka katika bonde la wakulima wa milima ya kaskazini mashariki wakalipeleka Chuo Kikuu, wala kulichukua ngeli kutoka Kihaya kwa kazi ya sarufi. Neno hupanda kwa kutumiwa. Na nimekwisha kuonyesha kwamba Waingereza wenyewe walilitoa lao katika kibanda cha fukara. Tukishindana nao kwa asili ya unyonge tutatoka sare. Pingamizi ya pili ni ya haki zaidi: mtu wa Tabora, wa Kisumu au wa Bukavu hajalisikia dago. Hili haliepukiki, na ndiyo maana katika mikataba na matangazo sitaki liachwe peke yake. Liandikwe dago, na mara ya kwanza lifuatwe na maelezo yale ya awali, kwamba ni nyumba ya mapumziko na wageni hujipikia. Baada ya hapo lisimame lenyewe.

Linabaki neno familia, ambalo limeenea mno siku hizi na sina nguvu ya kulizuia. Nasema tu kwamba katika muktadha huu linabana. Familia, kama linavyotumika maofisini, ni baba, mama na watoto wao, kwa idadi inayoingia katika fomu. Nyumba kubwa ya vyumba sita haikujengwa kwa ajili ya fomu. Hupangwa na ndugu watatu na wake zao, au na mabibi na wajukuu, wakati mwingine na marafiki waliosoma pamoja. Jamaa ndilo neno, na lilikuwepo muda wote. Hapo pia kujipikia kunataka kuulizwa swali ambalo Kiingereza hulificha: ni nani hasa huyu ji-? Watu kumi na wawili wakisema “tunajipikia”, aghalabu wawili au watatu ndio wapikao, na si vigumu kubashiri kuwa ni wanawake. Mwenye kwenda mapumziko akakuta meko makubwa kuliko ya kwake amebadilisha jiko tu. Kiswahili kina dawa yake katika desturi iliyokuwa na jina tangu zamani: kula kikoa, ambapo kila mmoja huandaa kwa zamu na wote hula pamoja. Sioni kwa nini orodha ya zamu za jikoni, ambayo wenye nyumba wengine huibandika ukutani, isiitwe kikoa. Ni neno zuri linalokufa kwa kukosa kazi, na hii hapa kazi. Wanaume waandikwe humo kwa majina.

Maneno mengine yanayofuatana na nyumba hizi hayana shida kubwa. Fedha inayotangulia ili nyumba isipewe mwingine ni arbuni, na tusiichanganye na ile inayowekwa kwa ajili ya vyombo vitakavyovunjika, ambayo hurudishwa vikipatikana vizima. Hiyo ni dhamana. Orodha ya vyombo ni orodha ya vyombo. Siku wapangaji wa zamani wanapotoka asubuhi na wapya wakaingia jioni, sijaipatia jina linaloniridhisha: siku ya kupokezana inafaa, lakini husikika kama mbio za kijiti. Wasomaji wa Pemba, Mafia na Kilwa, ambako madago yangali yakihama, watusaidie hapa. Kundi moja la wavuvi linapoondoka na jingine linashusha vyombo vyake ufuoni palepale, siku hiyo huitwaje?